Toka Butiama mpaka Kilwa: jipange, usije ukala nauli ya kurudi

Hapa Musoma kijana akipata vihela anawaza Dar tu. Leo naleta safari nyingine: unaanza huku kwetu Mara, unamalizia Kilwa, mkoa wa Lindi.

Mtauliza kwa nini uunganishe sehemu zilizo mbali hivyo. Sababu ninayo. Vita vya Majimaji vilianzia Nandete, wilaya ya Kilwa, Julai 1905. Aliyetuongoza kupata uhuru 1961 alizaliwa Butiama na kaburi lake lipo Butiama. Historia tuliyokariri darasani unaiona kwa macho yako.

Sasa mara ya kwanza tulichemsha. Tulikuwa watatu, tukachanga, tukaondoka mwanzoni mwa Mei 2024 na siku saba tu mkononi. Tunafika Dar, kimbunga Hidaya hicho! Maji yakakata barabara ya kusini kule Somanga, wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, abiria wakakwama. Tukasubiri gesti mpaka tukaanza kula nauli ya kurudi. Kilwa hatukuiona. Mwenzetu mmoja mpaka leo ukimtajia safari anaondoka zake.

Mwaka jana Julai tulirudia, tukafika. Tofauti ilikuwa mpango tu bwana, maana pesa ilikuwa ile ile. Tulifanya hivi:

Kwanza, mwezi. Usiangalie hali ya hewa ya kwenu peke yake. Machi mpaka Mei mvua ni nyingi huku na kule pia. Juni mwishoni mpaka Agosti ni kukavu pande zote mbili. Halafu nyumbu hupita upande wa magharibi wa Serengeti, mto Grumeti, kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo Mara iwe mwanzo, Kilwa baadaye.

Pili, hesabu siku za barabarani kabla ya siku za kutalii. Musoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na Dar mpaka Kilwa Masoko kama 300 hivi. Sisi tulitenga siku kumi: sita za njiani, tatu za kuona, moja ya akiba. Hiyo ya akiba msiiguse! Mei 2024 hatukuwa nayo.

Tatu, mtiririko wenyewe. Siku ya kwanza Butiama: makumbusho ya Mwalimu na kaburi, jioni unarudi barabara kuu na kulala Bunda. Siku ya pili geti la Ndabaka, lipo kando kabisa ya barabara ya Mwanza. Huruhusiwi kuingia kwa mguu, kwa hiyo tafuteni gari la kuchangia toka jana yake, na mwende asubuhi na mapema. Raia tunalipa kwa shilingi, ila malipo ni ya simu au kadi, usitegemee noti za mfukoni.

Siku ya tatu basi. Ni kweli toka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini kuunga moja kwa moja mpaka Dar unafika hoi. Sisi tulishuka Dodoma tukalala, kesho yake tukapanda treni ya SGR mpaka Dar (uwe na kitambulisho wakati wa kukata tiketi). Halafu angalia hapa: magari ya Kilwa yanapatikana Mbagala Rangi Tatu, siyo stendi ya Mbezi. Ukilala Mbezi umejipa kazi ya kuvuka jiji zima alfajiri.

Kilwa Masoko chukua kibali kwanza, ndipo upande boti kwenda Kisiwani. Ibn Battuta alifika pale 1331, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 1981 pamoja na Songo Mnara. Nilisimama ndani ya ule msikiti mkubwa wa mawe, nikamkumbuka yule mwenzetu aliyegoma kuja. Angekuwepo asingegoma tena.

La mwisho: nauli ya kurudi iweke kwenye laini nyingine ya simu, namba ya siri ashike mwenzako. Msicheke, ndiyo iliyotufikisha nyumbani.

Haya, wewe wa Bunda, Tarime au Lindi kwenyewe, ungeunganisha wapi na wapi? Tuambie hapo chini.