Moshi Umepungua, Sumu Je?

Tarehe 15 Mei 2019 marufuku ya kuchoma makaa ya mawe ghafi majumbani ilianza kutumika Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Usiku wa Januari halijoto ya huko hushuka hata chini ya nyuzi 30 hasi, na zaidi ya nusu ya wakazi huishi katika vitongoji vya mahema ya ger, kila kaya na jiko lake la chuma. Makaa laini ya machimbo ya Nalaikh yalikuwa yakiwapa joto, na kuupa mji mojawapo ya hewa chafu kuliko zote duniani.

Badala yake yaliletwa makaa yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa mashine. Malighafi ilikuwa masalia ya kuosha makaa ya mgodi wa Tavan Tolgoi, katika jangwa la Gobi. Yaliyo bora huenda China kuyeyushia chuma. Yaliyosalia hubaki kuchemshia chai ya wenyewe. Mgawanyo huo hata sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu.

Masalia hayo yana majivu mengi lakini gesi chache za kugeuka moshi, na kipande kilichoshindiliwa huungua polepole. Majira ya baridi ya kwanza vumbi laini hewani lilipungua kwa karibu nusu. Ni ushindi wa kweli.

Lakini Oktoba 2019, wiki chache tu baada ya majiko kuwashwa, mamia walifikishwa hospitalini kwa sumu ya kaboni monoksaidi, na baadhi walifariki. Wakubwa walitaja majiko yenye nyufa na mabomba yaliyozibwa na masizi. Huenda ni kweli, ila majiko hayo hayakupata nyufa mwaka huo. Kilichobadilika ni kinachochomwa humo: kipande kinachofuka muda mrefu kwa hewa kidogo hutoa gesi hiyo kwa wingi, na mtu aliyezoea kubana jiko usiku ili joto lidumu huizidisha. Moshi, pamoja na ubaya wake wote, hubisha hodi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.

Salfa nayo haiondoki kwa kushindiliwa. Chokaa ikichanganywa humo hunasa sehemu yake ikabaki kwenye majivu, mradi moto usiwe mkali mno. Huko Ulaanbaatar, vumbi liliposhuka, salfa dioksaidi ilipanda.

Makaa ya kushindiliwa yamefika Tanzania pia: STAMICO, shirika la madini la serikali, inatengeneza Rafiki Briquettes kwa makaa ya mawe ya Kiwira, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Miti itapona, na hilo si dogo. Jikoni mwa shule, penye bomba la moshi na mpishi anayelipwa, makaa haya yana mahali pake. Ninachohofia ni yakifika kwenye baridi ya Julai huko Makete au Njombe, ambako watu huingiza jiko chumbani wapate joto. Mkaa wa miti tayari unaua humo. Atakayeambiwa kwamba huu mpya hauna moshi atafunga dirisha bila wasiwasi wowote.