Chumba, ufunguo na hesabu: ju ya nini kusafisha kiini cha simu ni kazi ya usalama

Simu za Android tunazobeba huku kwetu, kutoka Bunia mpaka Uvira, ziko na majina mengi kwa nje. Kwa ndani, chini kabisa, zinategemea programu moja: Linux. Wenye ufundi wanaita sehemu hiyo kerneli, yaani kiini. Kiini njo kinaamua programu gani ipate memwari, gani iguse kamera, gani isome mafaili. WhatsApp, programu ya benki, ile ya kusikilizia redio, zote zinapita kwake kuomba ruhusa. Mtu mbaya akishika kiini, ameshika simu yote: ujumbe, picha, mpaka namba ya siri unayoandika ukituma pesa.

Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Ufini. Leo ina mistari zaidi ya milioni 30, na maelfu ya watu duniani wanaendelea kuiandika. Tunapenda kusikia mambo mapya yanayoongezwa. Lakini kuko kazi nyingine ambayo haina shangwe: kufagia. Kazi hiyo iko na pande mbili: kufuta maagizo ambayo hakuna anayeyatumia tena, na kunyoosha hesabu ya vitu ambavyo bado vinatumiwa. Tueleze polepole.

Nani bado iko na ufunguo?

Fikiria parseli yenye vyumba vya kupangisha. Chumba kimoja wanakaa watu watatu, kila mtu na ufunguo wake. Mwenye nyumba anaandika kwa daftari: watatu. Mmoja akihama, anarudisha ufunguo, daftari linasema wawili. Ikifika sifuri, chumba ni bure, anaweza kukipa mpangaji mwingine.

Kiini kinafanya vile vile na memwari. Kila kitu kilichowekwa humo, kwa mfano faili iliyofunguliwa, kinaweza kutumiwa na sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Kila sehemu inayokishika inaitwa rejeo, na kiini kinahesabu marejeo. Ukishika, ongeza moja. Ukiacha, toa moja. Ikifika sifuri, memwari inaachiliwa ili itumikie kitu kingine.

Ni hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Shida ni kwamba inafanywa kwa mkono, na maelfu ya watu, katika mamilioni ya mistari. Makosa makubwa yako mawili.

La kwanza: mtu anahama bila kurudisha ufunguo. Daftari linaendelea kusema chumba kina watu, kumbe ni kitupu. Memwari inabaki imefungwa bure, na kama jambo hilo linarudiwa, simu inakuwa nzito mpaka inakwama.

La pili ni baya zaidi: mtu mmoja anaandikwa mara mbili kwamba amehama. Daftari linafika sifuri wakati ndani bado kuko mtu. Mwenye nyumba anakipa chumba mpangaji mpya, naye wa zamani bado ana ufunguo mfukoni. Sasa kila mmoja anagusa vitu vya mwenzake. Kwenye kiini, mwizi anatafuta hasa nafasi hiyo: anaweka vitu vyake ndani ya memwari iliyoachiliwa mapema, kisha kiini kinavisoma kikidhani bado ni vyake.

Kontere iliyozunguka mpaka sifuri

Mfano wa kweli ulitangazwa Januari 2016 na kampuni ya Perception Point. Kosa lilikuwa katika sehemu ya Linux inayotunza funguo za siri za programu, na lilikuwa limeingia na toleo 3.8, la mwaka 2013. Programu ilipoomba kujiunga na mkoba wa funguo ambao tayari ilikuwa nao, kiini kiliongeza moja kwenye hesabu, halafu kikasahau kuitoa.

Utasema: hiyo si ni lile kosa la kwanza, la ufunguo usiorudishwa? Ni kweli, lakini angalia kontere ya moto. Ikifika mwisho wa namba zake, inarudi kwenye sifuri kama pikipiki mpya. Kontere ya kiini ilikuwa na mwisho pia: baada ya mara 4,294,967,296, inarudi sifuri. Watafiti waliandika programu iliyorudia ombi lile lile mpaka hesabu ikazunguka. Kwenye kompyuta yao ilichukua karibu dakika 30. Kiini kikaona sifuri, kikaachilia mkoba ambao bado ulikuwa unatumiwa, na mtumiaji wa kawaida akapata nguvu zote za mkubwa wa mashine.

Dawa ya kosa lenyewe ilikuwa mstari mmoja: rudisha ufunguo. Lakini waandishi wa Linux hawakuishia pale. Mwaka 2017, toleo 4.11 lilileta aina mpya ya hesabu, isiyozunguka. Ikifika juu sana, inakwama hapo hapo na kupiga kelele ya onyo. Afadhali chumba kimoja kibaki kimefungwa siku zote kuliko kumpa mgeni chumba chenye watu. Toka hapo, sehemu kwa sehemu, hesabu za zamani zinabadilishwa kwa hizi mpya.

Mwaka 2023 kikaongezwa kifaa kingine: mwandishi anaweza kuagiza rejeo lirudishwe lenyewe kazi inapokwisha, kwa njia yoyote itakayokwisha. Ni kama kuweka sentinele mlangoni anayepokea funguo za kila anayetoka, hata yule anayetoka mbio.

Maagizo yasiyo na mwenyewe

Upande wa pili wa kufagia ni fonksioni zisizotumika. Fonksioni ni kipande cha maagizo chenye jina. Sehemu nyingine inakiita kwa jina hilo ili kifanye kazi yake. Miaka inapita, waliokuwa wanakiita wanabadilika, siku moja hakuna anayekiita tena. Kinabaki pale tu.

Kuna watu watauliza: kama hakiitwi, kinadhuru nani? Kwanza, kinachosha. Kila anayebadilisha jambo la karibu nacho inabidi akisome na kukinyoosha pia. Pili, kinadanganya, maana mgeni anadhani ni muhimu. Tatu, kama bado kinaweza kufikiwa kutoka nje, ni mlango wa nyuma usiolindwa na mtu.

Si fonksioni moja moja tu. Mara nyingine ni sehemu nzima, kama DCCP, njia ya kusafirisha data iliyoingia Linux mwaka 2005. Karibu hakuna aliyeitumia, lakini kompyuta nyingi ziliibeba. Februari 2017, mtafiti Andrey Konovalov alitangaza kwamba ndani yake kuko kosa la lile lile aina yetu ya pili: memwari iliachiliwa mara mbili. Lilikuwa limelala humo zaidi ya miaka 11. Lilirekebishwa, na mwaka 2025 DCCP yenyewe ikaondolewa kabisa. Mlango usiotumiwa na mtu hauhitaji kufuli jipya, unajengewa ukuta.

Kufuta kuko na masharti

Hakuna anayeamka asubuhi na kufuta anavyotaka. Anayependekeza anatafuta jina la fonksioni katika mistari yote, kuhakikisha hakuna anayeiita. Anaandika barua fupi: ilitumika mara ya mwisho lini, ju ya nini haihitajiki tena. Msimamizi wa sehemu ile anasoma, anakubali au anakataa. Hata ikifutwa, historia inabaki katika Git, chombo ambacho Torvalds alikianzisha mwaka 2005. Ikihitajika kesho, inarudishwa.

Kuko pia kanuni mbili za kutofautisha. Mambo ya ndani ya kiini yanaweza kubadilishwa wakati wowote, na mtengenezaji wa simu aliyeweka maagizo yake kando bila kuyapeleka kwa wenzake atajitafutia njia. Lakini programu za watumiaji zinazofanya kazi leo zisiharibiwe kesho. Mashine nazo zinapewa muda mrefu: prosesa ya 386, iliyotoka mwaka 1985, iliondolewa katika Linux mwishoni mwa 2012.

Dawa iliyochelewa njiani

Yote haya yanatuhusu wapi sisi? Angalia Binder, sehemu ya Android inayopitisha ujumbe kati ya programu. Kulikuwa kosa la kuachilia memwari wakati sehemu nyingine bado inaishika. Katika Linux lilirekebishwa mwanzoni mwa 2018. Lakini simu nyingi hazikupata marekebisho hayo. Oktoba 2019, Maddie Stone wa Google alitangaza kwamba kosa bado liko katika simu kama Pixel 2, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A na Samsung S7, S8 na S9, na kwamba kulikuwa dalili za watu kulitumia kushambulia. Dawa ilikuwepo zaidi ya mwaka mzima. Haikufika kwa mgonjwa.

Kwa hiyo kufagia kunakofanywa mbali kunatusaidia paka kukifika kwenye simu yako. Fungua «Paramètres», nenda «À propos du téléphone», utafute tarehe ya «mise à jour de sécurité». Kama kuko toleo jipya linangojea, usiliahirishe kila siku. Kama mega ni ghali, tafuta Wi-Fi ya mtu unayemwamini. Ukinunua simu ya okazyo, uliza tarehe hiyo mbele ya kulipa, kama vile unavyoangalia betri. Usiweke programu zinazopitishwa mkono kwa mkono kwa Bluetooth: shambulio la Binder liliweza kupitia programu mbaya iliyowekwa na mwenye simu mwenyewe. Na kama simu yako imeacha kupata marekebisho tangu miaka, bado ni nzuri kwa muziki na redio, lakini mambo ya pesa yaweke kwingine.