IMBWA AKIPOTEA, TUMUTAFUTE NAMNA GANI?



Katika lupango nyingi imbwa ndiye mulinzi wa usiku, na paka ndiye anafukuza panya kwenye unga. Siku mumoja wao anakosekana, hasara si kidogo. Lakini wengi wetu tunatafuta ovyo: tunazunguka kartie nzima na kelele, halafu tunarudi mikono mitupu.

1. Sababu. Imbwa dume anafuata harufu ya jike, hata mbali sana. Mwingine anakimbia radi ao mulio wa bunduki. Tena kuna wanaobaki nyuma wakati watu wanakimbia. Kule Goma, volkano Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu ya muji ikaamriwa kuhama. Katika haraka kama ile mutu anabeba watoto na godoro, si paka. Ukirudi, anza kutafuta pale pale nyumbani.

2. Paka si imbwa. Paka mwenye woga haendi mbali mara nyingi. Anajificha juu ya dari ao katika kichaka cha jirani, na ananyamaza hata ukimwita. Njo maana inafaa kumutafuta usiku, wakati watu wametulia. Washa torshi: macho yake yatangaa, kwa sababu nyuma ya jicho kuna ngozi inayorudisha mwangaza kama kioo.

Imbwa, yeye, anatembea. Uliza watu wanaoshinda barabarani: wamama wauza ndizi, walinzi, watoto wanaochota maji. Usiseme tu « imbwa wangu muzuri ». Kila mutu anasema vile. Taja rangi, mukia, sikio lenye kovu.

3. Ukimuona, usimukimbilie. Imbwa mwenye hofu, hata kama ni wako, anaweza kukimbia ao kuuma. Chuchumaa, mwite kwa sauti ndogo, weka chakula, ngoja yeye akukaribie.

4. Hatari kubwa. Furaha ya kumupata isitusahaulishe kichaa cha imbwa. Huko alikopita, pengine aliumwa na mwenye ugonjwa. Ugonjwa huu unapita katika mate. Kwa mutu unaweza kujificha miezi miwili ao mitatu, hata zaidi. Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Na katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wa kushukiwa, karibu 40 ni watoto chini ya miaka 15. Ni sisi na wadogo wetu.

Basi akirudi na vidonda, ao tabia yake imebadilika, ao mate yanamutoka sana, musimushike. Mumufungie peke yake na kumwita veterineri. Kama amekuuma, ao amelamba kidonda chako, osha pale kwa maji na sabuni dakika 15, halafu enda upesi kwa munganga akupe chanjo. Apana kungojea dalili. Mutoto Joseph Meister, wa miaka 9, aliponeshwa na chanjo ya Louis Pasteur huko Paris katika Julai 1885, kwa kuwa alifikishwa mbele ya ugonjwa kuanza.

5. Mbele ya kupotea. Imbwa apate chanjo na mukanda wa shingo. Hivi, siku akirudi, mutafurahi bila woga.