Je, Wajua? Kuna tairi la baiskeli linaloziba pancha lenyewe

Anayeendesha baiskeli kati ya Bariadi na Maswa anaijua miiba ya migunga na mbigili. Mmoja tu ukitoboa tyubu, safari inageuka kuwa ya kutafuta fundi, kiraka na solusheni.

Magari yalianza kuachana na tyubu miaka ya 1950. Baiskeli za mashindano ya barabarani zilichelewa: Hutchinson ya Ufaransa na Shimano ya Japani zilileta mfumo wao usio na tyubu mwaka 2006. Kwa kawaida, matundu ya spoku ndani ya rimu huzibwa kwa utepe maalumu, valvu hufungwa kwenye rimu yenyewe, kisha humiminwa kimiminika chenye utomvu wa mpira, kiasi cha mililita 30 hadi 60 kwa tairi jembamba. Mwiba ukitoboa, upepo hukisukuma kimiminika kwenye tundu nacho huganda, kama damu kwenye kidonda. Mara nyingi mwendeshaji hata hajui kwamba tairi limetobolewa. Na kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu, unaweza kupunguza upepo ili baiskeli itulie kwenye changarawe.

Lakini usijaribu kwa rimu yoyote! Inatakiwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, la sivyo tairi linaweza kuchomoka ukiwa mwendoni. Joto nalo hukausha kimiminika, hivyo kikague kila baada ya miezi michache. Mpasuko mkubwa hakiuwezi. Beba tyubu ya akiba.