Masika na Barabara: Maji Yasiyopewa Njia

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania na kuishiwa nguvu katika kisiwa cha Mafia, wengi walimshukuru Mungu kwamba upepo wake haukufanya maangamizi kama yalivyohofiwa. Lakini mvua iliyofuatana nao ilishuka wilayani Kilwa kwa wingi usio wa kawaida, na muda si muda barabara kuu ya kusini, itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ikawa imekatika katika eneo la Somanga, tena si mahali pamoja. Njia yenye urefu wa takriban kilomita 560 ilikuwa haipitiki kwa sababu ya mapengo machache tu, ambayo mtu aliyesimama ng'ambo moja angeweza kumwita mwenzake wa ng'ambo ya pili na sauti yake ikasikika.

Jambo hilo lastahili kutafakariwa na kila mwenye kusafiri katika nchi hii, kwani aghalabu husemwa kwamba mvua imeikata barabara, na kwa kusema hivyo tunaitupia mbingu lawama ambayo sehemu yake kubwa ni ya ardhini. Mvua yenyewe, ikinyesha juu ya lami iliyotengenezwa sawasawa, hutiririka kando na kwenda zake bila ya kudhuru kitu. Kinachoikata barabara ni maji yasiyopewa njia ya kupita. Na kwa kuwa barabara ni tuta refu lililolazwa juu ya mabonde, vijito na mbuga, kila hatua yake ni kizuizi katika safari ya maji ambayo yalikuwa yakipita hapo kabla ya mhandisi wala dereva kuzaliwa.

Majira ya mvua ya Tanzania hayalingani kila mahali. Pwani ya kaskazini, Kilimanjaro na kandokando ya Ziwa Victoria hupata mvua mara mbili, yaani vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Ilhali mikoa ya kati, ya kusini na ya nyanda za juu za kusini ina msimu mmoja mrefu, uanzao mnamo Novemba na kwisha Aprili au baadaye kidogo. Sababu ya mpangilio huo ni jua, ambalo likivuka ikweta kwenda kaskazini au kusini hufuatwa na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, zikapandisha juu hewa yenye unyevu hata ikawa mawingu. Mwaka ambao maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yamepata joto kupita desturi, au mwaka wa El Niño, mvua hizo huzidi kipimo, kama ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997 na 1998, mwaka 2019, na tena katika msimu wa 2023 na 2024, ambapo Bunge liliarifiwa mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa kwa mafuriko, maporomoko na mambo yaliyoambatana nayo. Ama vimbunga, hivyo hutufikia kwa nadra, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo uwe duara. Hata hivyo Unguja ilipigwa mwezi Aprili 1872, na Lindi mwezi kama huo mwaka 1952, kwa hiyo Hidaya hakikuwa kigeni kabisa.

Na tuutazame kwa karibu ufundi wa maji yanapoikata barabara. Milimita 100 za mvua zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni tani laki moja za maji, na bonde dogo tu laweza kukusanya mvua ya kilomita nyingi za mraba na kuielekeza kwenye kalavati moja. Kalavati hilo huenda lilijengwa kwa hesabu za mvua ya zamani, wakati ambapo miti ya mlimani ilikuwa bado ikiyachelewesha maji. Na huenda mdomo wake umekwisha kuzibwa na mchanga, magogo, mabua ya mahindi na chupa za plastiki. Maji yakikosa upenyo hujikusanya upande wa juu, yakapanda hata tuta la barabara likageuka kuwa bwawa, ilhali halikujengwa kuwa bwawa. Hapo hutafuta ufa ulio kando ya bomba, yakaanza kuchukua chembe za udongo, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa kasi, mpaka chini ya barabara pakawa na shimo. Na lami ya juu hubaki imetandazika kama kwamba hapana lililotokea, nyeusi na safi, haina chochote cha kuibeba. Dereva wa usiku haoni kitu mpaka gurudumu la mbele limekwisha kuzama. Pengine maji hupita juu kabisa ya tuta, yakaanguka upande wa pili na kuuchimba mguu wake, na barabara huporomoka kutoka nyuma kwenda mbele, kipande baada ya kipande.

Jambo la kuhadhari zaidi ni kwamba maji hayo huweza kutoka mbali. Mnamo Januari 2014 daraja la Dumila, katika barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, lilibomolewa na mto ulioteremka kutoka milimani, na Machi 2020 barabara hiyo hiyo ikakatika tena pale Kiyegeya wilayani Gairo. Msafiri aliye uwandani huweza kuwa chini ya jua, akashangaa kusikia mto unanguruma, kwa kuwa mvua yake ilinyesha juu ya vilele asivyoviona. Na njia hiyo ikikatika, gari la kutoka Morogoro kwenda makao makuu ya nchi halina budi kuzunguka Iringa na Mtera, mwendo uzidio maradufu ya ule wa kawaida. Na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, ambayo yote huitegemea njia hiyo ya kati, husimama yakingoja kifusi.

Fauka ya hayo, kuna madhara yasiyoonekana siku ile ile. Sehemu nyingi za bara zina ule udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa, na wakati wa mvua hunywa maji ukavimba, ukaiinua na kuishusha barabara iliyo juu yake. Msingi uliolowa hauna nguvu ya msingi mkavu, na lori lipitalo juu yake huacha mikondo ya magurudumu, mikondo ikatuama maji, na maji yakazidi kupenya. Wahandisi wamekwisha kuthibitisha kwamba madhara ya uzito hayaongezeki sawa na uzito wenyewe: ekseli iliyobebeshwa mara mbili huiharibu barabara kiasi cha mara 16. Ndiyo maana mizani iliyowekwa njiani, ambayo madereva wengi huiona kuwa ni kero na upotevu wa wakati, ina faida kubwa zaidi wakati wa masika kuliko wakati mwingine wowote.

Wazee wanaokumbuka zamani hawatashangazwa na habari hizi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mnamo Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya kusini, ikawa mafuta yake yapitie Dar es Salaam, na shaba yake vilevile. Malori yakapita usiku na mchana katika barabara ya udongo, yenye vumbi la kuziba macho wakati wa kiangazi na utelezi wa kutisha wakati wa mvua, hata madereva wakaiita njia ya jehanamu, kwa wingi wa magari yaliyopinduka na watu waliofia humo. Ni taabu hiyo iliyohimiza kujengwa kwa bomba la mafuta, kisha barabara ya lami, na reli ya TAZARA. Kadhalika watu wa kusini waliishi miaka mingi kama watu wa kisiwani: ukifika Mto Rufiji ulingoja kivuko cha Ndundu, na masika yakishika, hata hicho kivuko hakikufaa kitu, kwa kuwa barabara ya pande zote mbili ilikuwa tope tupu, mwenye haja ya kwenda Mtwara alipanda meli, na asiyeiweza nauli ya meli aliahirisha haja yake. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa nusu ya dhiki hiyo, lakini kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri miaka mingine mingi kabla ya kutiwa lami.

Barabara ikikatika, hasara yake haigawanyiki kwa insafu. Katika foleni inayojipanga pande mbili za pengo, mwenye gari lake dogo hugeuza akarudi alikotoka. Abiria wa basi hufaulishwa: hushuka na mizigo kichwani, wakavuka kwa miguu au mabegani mwa vijana wa kijiji kwa malipo, wakapanda basi jingine upande wa pili, ambalo huenda likadai nauli mpya. Utingo wa lori hutandika mkeka chini ya trela, akalala humo siku zote atakazohitajika kulala, kwa kuwa mzigo hauachwi peke yake. Mama ntilie huhamisha meko yao wakayafuata magari, na chupa ya maji hupanda bei kabla ya adhuhuri. Lakini mwenye kuumia kuliko wote ni mchuuzi aliyepakia matenga ya nyanya au mikungu ya ndizi, ambaye siku ya kwanza huhesabu faida iliyopotea, siku ya pili akahesabu mtaji, na siku ya tatu akawa anatazama maji mekundu yakichuruzika chini ya lori lake. Huko mwisho wa njia nyanya hizo hizo huadimika sokoni, na mpishi ambaye hajapata kuusikia mto huo hulipa bei iliyopandishwa nao.

Hayo ni ya mali. Ya roho ni mazito zaidi. Watu wengi wafao barabarani wakati wa mafuriko hawafi kwa kukatikiwa na daraja, bali kwa kuingia wenyewe katika maji waliyoyaona. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30, ambacho hakifiki gotini kwa mtu mzima, yatosha kuliinua gari dogo na kulichukua. Yakifika sentimita 60 huchukua hata magari makubwa zaidi, kwani gari ni sanduku lenye hewa ndani, nalo hutaka kuelea kabla halijataka kuzama. Aprili 2024 gari la shule mjini Arusha lilisombwa na maji ya korongo, na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Na nchini Kenya, Desemba 2021, basi lililokuwa limejaa wanakwaya waendao harusini lilipinduka katika Mto Enziu machoni pa watu waliosimama ukingoni, wakafa watu zaidi ya 30. Maji ya mafuriko huficha kina chake, na huficha pia kama barabara ingali ipo chini yake.

Milimani hatari huja kwa sura nyingine. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto imechongwa ubavuni mwa Usambara, na mvua ikishinda siku kadhaa udongo wa juu huwa mzito, ukateleza na kuziba njia pamoja na miti yake. Katika miteremko ya Mbeya ni ukungu, unaofuta taa za gari la mbele mpaka dereva amekwisha kulifikia. Na kwenye mteremko wa Kitonga, lami ikilowa, breki za lori zinahitaji mwendo mdogo kuliko aupendao dereva aliyechelewa. Maafa ya Katesh ya Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang ulipomeguka na tope likashuka hadi mjini, yalionyesha kwamba mlima huweza kuifuata barabara hata pale barabara isipoufuata mlima.

Wala mji mkubwa hauna kinga. Pale Jangwani jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi yakasimama, na mkaaji wa Magomeni akawa mgeni wa mbali kwa Kariakoo iliyo mbele ya macho yake. Hilo si jambo la jana: mvua za Desemba 2011, ambazo ilisemwa kwamba mji haukupata kuona mfano wake tangu 1954, ziliifunga barabara hiyo hiyo na kufanya zaidi ya hayo. Sasa bonde hilo limewekewa mradi wa kupanua mkondo wa mto na kuinua barabara juu ya daraja jipya, na kanuni yake ndiyo ile ile: yapewe maji njia yao, nasi tupate yetu.

Basi rai yangu ni kwamba tusiyapime maendeleo ya barabara zetu kwa urefu wa lami peke yake. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000, una barabara kuu na za mikoa; TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, una zile za wilaya na vijiji, ambazo ni nyingi mno na aghalabu za udongo, na juu ya zote hizo makalavati ni maelfu kwa maelfu. Daraja kubwa huzinduliwa kwa ngoma na hotuba. Kalavati halina mtu wa kulikatia utepe, wala hapana gazeti linaloandika kwamba limezibuliwa. Lakini koleo, toroli na vibarua wachache wa kijiji, wakifanya kazi mwezi wa Februari katika mikoa ya masika na mwezi wa Oktoba katika mikoa ya msimu mmoja, huokoa fedha ambazo baadaye hulipwa mara nyingi kwa katapila na mawe ya haraka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua kuanza, na tahadhari ya siku chache kabla ya kila mvua kubwa. Tahadhari hizo ziwe ndizo kalenda ya wasimamizi wa barabara, na afisa anayeifunga njia saa mbili kabla ya daraja kukatika asilaumiwe kwa kuwachelewesha watu, bali asifiwe. Mkulima naye aliyelima hadi ukingoni mwa mto, na mkaaji wa mjini aliyetupa taka mtaroni, wajue kwamba wamekwisha kutia mkono katika safari ya mtu wasiyemjua. Mvua ya mwakani hatuwezi kuizuia wala kuipunguza. Kalavati la mwakani tunaweza kulizibua leo.