Saini Ngapi Huzuia Treni?

Kila mamlaka ya mji inapotangaza nia ya kupitisha reli ya abiria katikati ya makazi, na tathmini ya athari kwa mazingira ikaanza, yaani uchunguzi wa maandishi unaopaswa kueleza mradi utagusa nini na kwa kiasi gani kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, wataalamu wa fani hiyo huulizwa swali moja ambalo limekwisha kuulizwa mara nyingi mno: zinahitajika saini ngapi ili mradi ukwame? Huuliza wenye maduka, huuliza wazee wa mitaa, huuliza hata wanasheria ambao wangepaswa kujua zaidi, na jibu lake ni fupi kuliko wanavyotarajia, kwamba katika utaratibu mzima wa tathmini hakuna hatua hata moja ambapo saini hujumlishwa.

Imani inayolizaa swali hilo ni kwamba tathmini ni aina ya kura. Ilikotoka kunaeleweka, maana mkutano wa wadau hufanana sana na mkutano wa kampeni, una turubai, vipaza sauti, mgeni rasmi na orodha ya mahudhurio, na mwananchi aliyekaa saa tatu kwenye joto kisha akaandika jina lake na namba yake ya simu hawezi kulaumiwa akidhani amepiga kura. Waandishi wa ripoti nao huchochea kosa hilo wanapoandika kwamba wengi wa waliohudhuria waliupokea mradi kwa mikono miwili, sentensi isiyo na kazi yoyote katika hati ya kitaalamu, ambayo mhakiki makini huikata kwa kalamu nyekundu. Kwa mantiki ile ile ya kuhesabu vichwa, wapinzani hutunga barua moja, huipiga nakala elfu mbili, huzigawa msikitini, kanisani na sokoni, kisha huzikabidhi zikiwa zimefungwa kwa kamba mbele ya wapiga picha. Yanayozipata baadaye hayapigwi picha. Mchambuzi husoma nakala ya kwanza, hubainisha hoja zilizomo, huzipa namba, huandika jibu, na nakala nyingine zote huelekezwa kwenye jibu hilo. Barua elfu mbili zimekuwa barua moja, na kama hiyo moja inasema tu kwamba wakazi hawaitaki reli, jibu lake huwa mstari wa kushukuru kwa maoni.

Mamlaka ikifanya hivyo haijafanya ujanja wowote. Sheria ya Marekani ya sera ya mazingira, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970 na ambayo nchi nyingi zilijifunza kwayo, ilipata kanuni zake mwaka 1978, na kanuni hizo ziliitaka mamlaka ijibu maoni yenye hoja, huku zikiruhusu waziwazi kwamba yakiwa mengi kupita kiasi yaambatishwe kwa muhtasari. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifafanua, katika shauri la kituo cha michezo ya thelujini, kwamba sheria hiyo huiamuru serikali iyajue na kuyaandika madhara, lakini haiikatazi kuendelea na mradi wenye madhara hayo. Kwa maneno mengine, ripoti inayokiri kwamba reli itaziba mandhari ya bahari kwa daraja la zege ni ripoti halali, na mradi wake unaweza kujengwa kesho yake. Ripoti inayonyamaza juu ya jambo hilo ndiyo yenye hatari ya kutenguliwa mahakamani. Anayeingia katika utaratibu huo na bunda la majina amekuja sokoni na fedha ya nchi nyingine.

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa kina ni wa Honolulu, katika kisiwa cha Oahu jimboni Hawaii, kwa sababu pale njia zote za kupinga zilijaribiwa, moja baada ya nyingine, na matokeo ya kila moja yanajulikana. Mradi ulikuwa wa reli ya juu, inayopita kwenye nguzo za zege kwa takriban maili 20, kutoka East Kapolei upande wa magharibi hadi kituo cha biashara cha Ala Moana. Mwaka 2008 wapinzani walikusanya saini kwa makumi ya maelfu ili sheria ya kuipiga marufuku ipelekwe kwa wapiga kura, nazo hazikufikia kiwango kilichotakiwa. Swali lilipowekwa kwenye uchaguzi wa Novemba mwaka huo kwa uamuzi wa baraza la mji, wananchi waliikubali reli kwa tofauti ndogo. Aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, Ben Cayetano, aligombea umeya mwaka 2012 kwa ahadi ya kuizika, akashindwa. Saini na kura, njia mbili ambazo umma huziamini kuliko zote, hazikuichelewesha reli hata kwa wiki moja.

Kilichousimamisha ujenzi ni mifupa. Iwi kupuna, kama Wahawaii wa asili wanavyoiita mifupa ya wahenga wao, mara nyingi ilizikwa mchangani karibu na pwani bila alama juu ya kaburi, na eneo la Kakaako, karibu na mwisho wa njia, lilijulikana tangu mapema kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na makaburi hayo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mamlaka ya mji iliamua kugawa uchunguzi wa kiakiolojia katika awamu nne, kila awamu ichunguzwe kabla ya kipande chake kujengwa, na kwa juujuu utaratibu huo unaonekana wa busara, kwani hakuna anayependa kuchimba barabara za katikati ya mji miaka mingi kabla ya wakati. Kasoro yake iko katika tabia ya reli yenyewe. Barabara inaweza kuchepushwa mita 30 ili kuukwepa mbuyu, lakini reli ya juu ikishasimama maili 15 ikielekea mahali fulani haina tena pa kugeukia, kwa hiyo mifupa ikigunduliwa katika awamu ya nne, swali la kuihamisha au kuiacha linakuwa limekwisha kujibiwa na nguzo za awamu ya kwanza. Hoja hiyo moja, iliyoletwa na mlalamikaji mmoja katika shauri la Kaleikini dhidi ya Yoshioka, ndiyo iliyokubaliwa na majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Hawaii tarehe 24 Agosti 2012, kwa msingi wa sheria ya jimbo ya kuhifadhi urithi wa kale: uchunguzi ulipaswa kukamilika njia nzima kabla ya ujenzi kuanza popote. Kazi ilisimama kwa takriban mwaka mmoja huku mamia ya mitaro ya uchunguzi ikichimbwa, ikaanza tena Septemba 2013.

Ni vizuri kuangalia pia kilichotokea katika mahakama za shirikisho, kwa sababu kinaondoa udanganyifu wa pili, ule wa kudhani kwamba hoja nzuri huua mradi. Walalamikaji waliotaka ripoti yote itupwe, kwa madai kwamba njia mbadala hazikuchunguzwa vya kutosha, walishindwa kwenye madai hayo. Walichoshinda, Novemba 2012, ni mambo machache yanayotokana na sheria ya uchukuzi ya mwaka 1966, ambayo huzuia bustani za umma na maeneo ya kihistoria yasitumiwe kwa miradi ya usafiri ikiwa ipo njia nyingine inayowezekana na yenye busara. Mamlaka ikaamriwa ichunguze upya handaki chini ya mtaa wa Beretania, athari kwa bustani ya Mother Waldron, na maeneo ya kiutamaduni yaliyokuwa hayajatambuliwa, na kazi ya kipande cha katikati ya mji ikazuiwa kwa muda. Ripoti ya nyongeza ikaandikwa, ikahitimisha kwamba handaki halikuwa chaguo la busara, zuio likaondolewa mwanzoni mwa 2014, na njia ikabaki ile ile. Kipande cha kwanza kilifunguliwa tarehe 30 Juni 2023. Tangu hapo mlango wa mahakama umezidi kuwa mwembamba, kwani Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la reli ya mizigo ya Utah, iliwataka majaji waheshimu zaidi maamuzi ya kitaalamu ya mamlaka husika.

Huenda msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akasema kwamba kwao mambo ni tofauti, na atakuwa amesema kweli kwa sehemu, kwa kuwa nchini Kenya tathmini huishia kwenye leseni na Tanzania huishia kwenye cheti, hati ambazo zinaweza kunyimwa au kufutwa, ilhali ripoti ya Marekani humtayarisha tu mwenye kuamua. Hata hivyo tofauti hiyo haiziongezei saini thamani. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira la Kenya mnamo Juni 2019, na kiini cha uamuzi kilikuwa kasoro ya utaratibu: wakazi walikuwa wameelezwa habari za mradi kabla ya uchunguzi, lakini hawakushirikishwa ipasavyo katika hatua ya uchunguzi wenyewe, ambayo ndiyo yenye maana. Wingi wa wasioutaka mtambo haukuwa hoja.

Sasa hoja ni nini? Ni sentensi inayomlazimisha mchambuzi afungue upya jedwali lake. Anayeandika kwamba treni zitapiga kelele hajasema kitu. Anayeandika kwamba vipimo vya kelele vilichukuliwa usawa wa barabara, wakati ukuta wa pembeni wa daraja humkinga aliye chini yake na kumwacha wazi anayekaa ghorofa ya kumi, amempa mchambuzi kazi ya wiki nzima, na huenda akapata vifaa vya kunyonya sauti kando ya njia. Vivyo hivyo kuhusu foleni, ambapo wapinzani wa Honolulu walishangilia mamlaka ilipokiri kwamba msongamano wa baadaye, hata reli ikiwapo, ungekuwa mbaya kuliko wa sasa. Shangwe hiyo ilitokana na kutosoma. Ripoti hulinganisha mradi na hali ya kutojenga katika mwaka ule ule wa baadaye, pale ambapo watu na magari yameongezeka, wala hailinganishi na asubuhi ya leo. Anayetaka kuishambulia hesabu hiyo ayashambulie makadirio ya ongezeko la watu, au idadi ya abiria wanaotarajiwa kuacha magari yao, kwa kuwa humo ndimo makosa hujificha.

Yanayobaki ni machache. Mpinzani aanzie kwenye hatua ya kuainisha mawanda, pale mamlaka inapotangaza madhumuni ya mradi na kuuliza nini kichunguzwe, kwa maana madhumuni yakishaandikwa kuwa ni usafiri wa abiria wengi katika ushoroba fulani, kila njia mbadala isiyotimiza maneno hayo imekwisha kufa, na malalamiko ya baadaye hayataifufua. Aitaje njia mbadala anayoitaka kwa jina na kwa ramani, ndani ya muda wa maoni, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2004 kwamba asiyeitaja wakati huo amejinyima haki ya kuilalamikia mahakamani. Asome viambatisho kabla ya muhtasari. Ataje ukurasa, jedwali na kituo cha kipimo. Adai ratiba, fungu la fedha na jina la ofisi inayowajibika kwa kila hatua ya kupunguza athari, maana hatua isiyo na fungu ni pambo la ripoti. Kama mtaa una watu elfu mbili, wagawane: huyu kelele, yule mifereji ya maji ya mvua, mwingine makaburi, mwingine fidia ya wapangaji, ambao mara nyingi husahaulika kwa sababu hawana hati ya nyumba. Barua kumi zenye hoja kumi zinatosha. Zipelekwe kabla ya siku ya mwisho, ambayo kwa rasimu ya Marekani chini ya kanuni za 1978 haikuweza kuwa chini ya siku 45, na kila mwandishi abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, kwa sababu shauri likifika mahakamani jambo la kwanza litakaloulizwa ni barua hiyo ilipokelewa lini.