Ongea sawa vile unaongea nyumbani



Siku nilirekodi kipindi changu cha kwanza cha podikasti, nilimupa mama simu asikilize. Kisha dakika mbili akauliza: «Uyu mwenye anaongea njo nani?» Njo mimi! Nilikuwa nimeiga mutangazaji wa habari wa Kinshasa, nikachanganya na Kiswahili cha sinema za Dar es Salaam. Mama hakunitambua. Na habari yenyewe, namna ya kutunza mbegu za mahindi, haikumufikia.

Wengi wetu tunaangukia pale pale. Tukirudi Kasongo ao Kabambare na diploma kutoka Kindu, Bukavu ao Lubumbashi, tunafikiri ni lazima sauti yetu ionyeshe kama tumesoma. Tunaficha Kiswahili chetu, eti ni kibovu.

Si kibovu. Kiswahili kilifika Kasongo katika karne ya 19 na misafara ya kutoka pwani, wakati mji ulikuwa ngome ya Tippu Tip na watu wake. Misafara hiyo ilibeba pembe za tembo na watumwa. Historia yake ni ya machungu. Lakini lugha ilibakia, wazee wetu wakaifanya yao, ikaishi pamoja na Kizimba, Kibangubangu na lugha zingine. Leo Katiba ya 2006, katika kifungu cha 1, inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Ukisema «fasi» badala ya «mahali», hukukosea. Umeongea na watu wako.

Sasa, tufanye namna gani?

Kwanza, chagua mutu mumoja. Usiseme na «wasikilizaji wote». Fikiri shangazi yako sokoni, ao rafiki yako mwenye kuchimba dhahabu kule Salamabila. Utaona sauti yenyewe inashuka, inakuwa ya kweli.

Pili, usisome. Sentensi ya karatasi ni ndefu, pumzi inaisha katikati, na musikilizaji anajua mara moja kama unasoma. Andika mambo matano tu kwa kifupi, kisha yaeleze. Lakini kuongea kwa kawaida si kuropoka: mwenye hakutayarisha anazunguka dakika kumi bila kufika.

Tatu, Kifaransa hakikatazwe, kwani nyumbani pia tunachanganya. Ila kama neno ni la auditoire, lifafanue palepale. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili, pengine wewe mwenyewe haujalielewa vizuri.

Ine, usikimbie sauti yako. Kwenye simu inasikika kama ya mutu mwingine kwa sababu, wakati unaongea, unajisikia kupitia mifupa ya kichwa pia. Simu inachukua ile ya hewani tu. Wengine wote wanakujua kwa sauti hiyo tangu zamani. Zoea kujisikiliza, kisha ukate fasi zenye ulijionyesha.

Tano, mbele ya kutuma, musikilizishe mutu mumoja mwenye hakusoma sana. Usimuulize «Umependa?», maana atakusifu tu. Muulize «Umesikia nini?» Jibu lake njo mutihani wako wa kweli. Na usimulaumu yeye kama hakuelewa.

Hili si jambo la mapambo. Tukiongea juu ya kolera, bei ya muchele ao haki ya muchimbaji, mutu anaweza kukosa habari yenye alihitaji kwa sababu tulitaka kusikika wakubwa.

Mimi nilirekodi tena kipindi kile, nikijifikirisha kama mama ameketi karibu yangu anachambua maharagi. Nilipomusikilizisha, kabla sijamaliza akaanza kubishana na simu: «Apana! Mbegu ya mwaka jana haikuoza ivyo!»

Hapo nikajua amenitambua.